Tulimfuata Kaisari Hadi Kisite

Mama yeyote aliyewahi kulaza mtoto hospitalini anajua jinsi saa za kungojea zinavyorefuka. Mwezi wa Machi mwaka 2022 mimi na mwanangu wa mwisho, wakati huo akiwa na umri wa miaka 9, tulikaa wiki tatu katika hospitali moja ya Nairobi tukingojea apasuliwe moyo. Vali yake moja ilikuwa imeharibiwa na ugonjwa ambao huanza na maumivu ya koo tu, yale ambayo sisi mama humpa mtoto maji ya vuguvugu yenye chumvi na kumwambia alale. Nimekuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka 20. Huko kwetu Voi nimewafundisha kina mama wasiohesabika kwamba koo linalouma pamoja na homa lipelekwe kliniki. La mwanangu nililiacha lipone lenyewe. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue nilikuwa katika hali gani nilipoanza kuwatazama samaki.

Samaki wenyewe walikuwa katika tangi la kioo lililowekwa kwenye ukumbi wa kungojea, mahali ambapo hospitali nyingine hubandika picha za chanjo. Tangi lilikuwa na urefu wa kama meta moja, taa juu yake, mawe meupe chini. Humo mlikuwa na samaki watano au sita, lakini mmoja ndiye aliyemteka mwanangu. Alikuwa mdogo kama kiganja cha mtoto, rangi yake buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, na mwilini amechorwa mistari myeupe na ya samawati iliyozunguka kama mawimbi ya kisimani ukidondosha jiwe. Mtoto alivuta kiti chake karibu na kioo asubuhi, akaondoka pale tulipoitwa kula. Siku za kutolewa damu alikuwa akiomba kwanza aende "kumsalimia wa mapete."

Jumamosi alikuja bwana wa kusafisha tangi, mtu mcheshi, akatueleza kwamba samaki yule hakuzaliwa Nairobi. Alitoka bahari yetu wenyewe, pwani ya Kwale. Wauzaji wa ng'ambo humwita malaika, na huyu hasa ni malaika wa Kaisari; jina lake la kitaalamu ni Pomacanthus imperator. Jamii yao ina aina karibu 90 katika bahari za joto duniani. Wavuvi wetu huwaita kitatange, na jina hilo huwachanganya na binamu zao wa jamii nyingine waliofanana nao. Ukitaka kuwatenganisha, tazama shavuni: malaika ana mwiba mmoja mkali penye kifuniko cha matamvua, binamu zake hawana. Alituonyesha mwiba huo kwa ncha ya kalamu. Uzuri wote ule, na shavuni sindano!

Kisha akatuambia jambo ambalo mwanangu alikataa kabisa kuliamini. Alisema samaki huyu akikua atavua vazi lake lote. Mapete yatafutika, na badala yake atavaa mistari ya manjano iliyonyooka kuanzia begani hadi mkiani juu ya buluu, na usoni atapata utepe mweusi kama aliyefunga kitambaa machoni. Hata wataalamu wa zamani walidanganyika. Mkubwa walimpa jina mwaka 1787, na baadaye mdogo akapewa jina lake mbali, wakidhani ni samaki wengine kabisa. Sababu ya kubadilika inaaminika kuwa ni hii: Kaisari mkubwa ana eneo lake mwambani na humfukuza yeyote aliyevaa kama yeye. Mtoto aliyevaa vazi tofauti huachwa aishi pale pale bila kupigwa.

Mimi kama muuguzi nilivutiwa zaidi na maji. Mkifikiri tangi la baharini ni maji na chumvi ya jikoni, mnakosea kama nilivyokosea mimi. Sisi tukimchanganyia nyumbani mtoto anayeharisha, tunatia nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari katika lita moja. Lita moja ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, yaani vijiko vya chai sita au saba, na si chumvi moja bali mchanganyiko wa chumvi nyingi. Maji yakipungua kwa kukauka, chumvi hubaki, kwa hiyo kila siku huongezwa maji matamu. Joto linatakiwa liwe kama nyuzi 25, na Nairobi usiku bila kifaa cha kupasha joto samaki wa pwani hawezi.

Halafu kuna uchafu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na ndani ya kioo haina pa kwenda. Kinachowaokoa ni bakteria wanaoota juu ya mawe na kuigeuza amonia kuwa kitu kisicho na sumu kali. Bakteria hao huchukua wiki nne, sita au zaidi kuota vya kutosha. Anayenunua tangi leo na samaki kesho, amewatia samaki hao katika mwili usio na figo. Nimewahudumia wagonjwa wa figo. Mfano huu niliuelewa mara moja.

Na chakula pia ni shida. Huyu malaika baharini hula sponji zilizoshika kwenye mwamba, pamoja na vijidudu vingine vilivyong'ang'ania mawe. Akiletwa kwenye tangi akapewa vidonge tu, wapo wanaozoea, na wapo wanaokonda polepole huku mbele ya macho ya watu wanaonekana wazuri. Akizoea, hukua hadi sentimita 40, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi karibu na ncha za vidole, naye anahitaji tangi la lita 800 au zaidi. Lile la hospitali halikufika 250. Nilimwuliza yule bwana wangefanya nini samaki akifika ukubwa huo. Akacheka, akasema, "Mama, hawafiki."

Juma la pili niliona vijidoa vyeupe kwenye mapezi ya yule wa mapete, vidogo kama chembe za chumvi. Alikuwa akijisugua kwenye mawe. Niliwaambia watu wa mapokezi kwamba samaki wenu anaumwa, tena ugonjwa huo huambukiza, atengwe. Walinitazama kama mtazamavyo mama aliyekosa usingizi. Jumatatu alfajiri hakuwepo. Mwanangu alikuwa apasuliwe Jumatano.

Aliniuliza amekwenda wapi. Nami, mwalimu wa shule ya Jumapili, nikamjibu kwamba wamemrudisha kwao baharini kwa sababu alikuwa anakua na tangi halimtoshi. Mtoto akafikiri kidogo, akasema, "Basi nikitoka hapa tutakwenda kumwona." Nikasema ndiyo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Vali ilitengenezwa bila kuwekwa nyingine, na sasa anachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, jambo ambalo litaendelea kwa miaka mingi. Hasahau tarehe ya sindano, wala ile ahadi hakuisahau. Daktari alipotoa ruhusa ya kuogelea kidogo, nilikuwa sina tena kisingizio.

Tulisafiri mwezi wa Desemba, shule zimefungwa na bahari imetulia kwa kaskazi. Kutoka Voi hadi Mombasa, feri ya Likoni pamoja na watu na mikokoteni yao ya nazi, kisha matatu hadi Ukunda alikopanga dada yangu mkubwa. Ni mjane. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 24, ndiye anayelisha nyumba ile, na kazi yake, ambayo sikuwahi kuiuliza vizuri, ni kuzamia na kukamata samaki wa mapambo.

Usiku mtoto alipolala, kijana alinieleza. Samaki hawa hawavuliwi kwa ndoana wala kwa dema. Mzamiaji hushuka na mtungi wa hewa mgongoni, hutandaza wavu mdogo mbele ya mwamba, kisha kwa kijiti humtoa samaki pangoni taratibu hadi agonge wavu, naye humkinga kwa kijiwavu cha mkono. Wadogo ndio wanaotakiwa zaidi, maana wanabebeka na wanazoea tangi. Nchi nyingine, hasa Ufilipino, tangu miaka ya 1960 watu walikuwa wakipuliza sianidi mwambani ili samaki walewe, sumu ambayo huua na matumbawe. Yeye alisema hajawahi kuigusa, nami namwamini, kwa kuwa alionyesha fahari ya kweli alipoeleza namna ya kumkamata kitatange bila kumng'oa hata gamba moja.

Akishamkamata hawezi kupanda naye kwa haraka. Samaki ana kibofu cha hewa tumboni, na akitolewa kwenye kina upesi hewa hiyo hutanuka ikamsukuma matumbo. Kwa hiyo hupandishwa kwa vituo, au wengine humtoboa kwa sindano ya hospitali kupunguza hewa. Baadaye hawalishwi siku moja au mbili wasichafue maji, hutiwa mmoja mmoja katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, hupangwa katika masanduku mepesi ya povu, na kupakiwa kwenye ndege. Wengi huenda Ulaya na Marekani. Kaisari mkubwa mmoja dukani huko huuzwa zaidi ya dola 100. Aliponiambia analipwa ngapi yeye, dada yangu aliinuka akaenda kutazama sufuria.

Nilipokuwa namsikiliza niliona anaukanda mkono wake begani bila kujua. Nikamwuliza tangu lini. Akasema mabega na viwiko humuuma baadhi ya siku za kuzamia, na mara mbili vidole vilikufa ganzi, lakini hupotea akilala. Moyo ulinipiga. Dalili hizo nilizisoma chuoni na sikuwahi kukutana nazo. Mtu akipumua hewa ya mtungi kwenye kina kirefu, naitrojeni huyeyuka damuni mwake. Akipanda haraka, au akishuka na kupanda mara nyingi siku moja, hutoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa kizibo. Mapovu yakikaa kwenye viungo ni maumivu. Yakifika uti wa mgongo ni kupooza. Matibabu ni oksijeni safi mara moja, na chumba maalumu cha shinikizo. Kulala si matibabu.

"Unampandisha kitatange kwa vituo," nilimwambia, "wewe mwenyewe unapandaje?"

Alicheka kwa aibu. "Mama mdogo, hewa ikiisha mtu anapanda tu. Na nikikaa nyumbani wiki nzima, kodi atalipa nani?"

Dada yangu hakupenda maneno yangu usiku ule. Aliniambia ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara wa serikali kuja na kukataza kazi za watu. Sikuwa na jibu la kumpa, ila niliandika barua ya kumpeleka kijana kwa daktari, nikaiweka chini ya Biblia yake ya mezani. Alikwenda, wiki mbili baadaye. Aliambiwa asizame kwa mtungi kwa muda, na tangu hapo anavua kwa miwani na mrija tu kwenye kina kifupi, na mapato yamepungua sana. Mimi na dada tunapigiana simu, lakini habari hiyo hatuigusi.

Asubuhi nilipanda matatu na mwanangu kuelekea kusini, tukapita Msambweni na Ramisi, tukaacha barabara ya Lungalunga na kukata kushoto hadi Shimoni. Jina linatokana na mapango yaliyo karibu na gati, ambamo watumwa walifichwa wakingojea majahazi. Nilipita hapo kwa haraka. Nina mtoto aliyetoka kupasuliwa, na mle ndani nilisikia baridi ambayo sikuitaka.

Ng'ambo ya mlango wa bahari kuna kisiwa cha Wasini, kisicho na gari hata moja. Tulishuka huko kwanza, na hapa, kina mama wenzangu, naomba nikae kidogo. Wanawake wa kisiwa hicho wana bustani yao ya mawe ya matumbawe ya kale, yaliyoachwa nchi kavu bahari iliporudi nyuma, nao wamejenga daraja la mbao juu yake kupitia katikati ya mikoko. Mgeni hulipa kiingilio, na fedha hizo ni za kikundi. Mama mmoja alinieleza zinavyosaidia karo na matibabu. Hakuna aliyehitaji mtungi mgongoni. Nilitamani dada yangu angekuwa nami, kisha nikakumbuka kwamba Ukunda hana mawe wala daraja.

Kisite iko mbele zaidi upande wa kusini. Ni hifadhi ya bahari chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, eneo la kilometa za mraba 28, na ndani yake uvuvi wa aina yoyote umekatazwa kabisa. Pembeni yake ni Mpunguti, ambako wenyeji wanaruhusiwa kuvua kwa njia za asili. Nahodha wetu, mzee wa Shimoni, alituambia jinsi mwaka 1998 maji yalivyopata joto hadi matumbawe ya pwani nzima yakageuka meupe na mengi yakafa. Alikuwa kijana wakati huo. Alisema ilikuwa kama kuona shamba la nyanya limemwagiwa maji ya moto. Sehemu nyingine zimerudi, nyingine bado.

Sikujua kuogelea na sijui hadi leo. Nilivalishwa jaketi la kuokolea juu ya dira langu, mtoto naye lake, tukapewa miwani na mrija, na yule mzee akashuka nasi akitushika mkono mmoja huku, mmoja huku. Nikatia uso majini.

Wapendwa, sina maneno. Nilikuwa nimezoea samaki wa kwenye kapu. Chini yetu kulikuwa na mji, na kila mtu mjini anakwenda kazini kwake. Mzee alituonyesha kwa kidole: kitatange mwenye madoa ya buluu juu ya kijani, ambaye mkia wake akiwa kijana una michirizi kama maandishi ya Kiarabu, hata wauzaji wa ng'ambo wakamwita kwa jina la Kurani, na kwenye vifusi vya matumbawe kimoja kidogo sana, kisichozidi kidole, mgongo wa machungwa na tumbo la buluu. Katika jamaa ya vidogo hawa, wote huanza maisha wakiwa majike. Dume ni mmoja na wake zake kadhaa, naye akifa, jike mkubwa kuliko wote hugeuka akawa dume na kushika nyumba. Mzee alipotueleza hayo tulipopanda mashuani, niliwacheka wanaume wawili waliokuwa nasi.

Lakini mwanangu alikuwa akitafuta wa mapete. Tulizunguka zaidi ya nusu saa. Wadogo hao hujificha kwenye mashimo na chini ya miamba, hawatoki ovyo, na hatukumwona hata mmoja. Tulichoona, chini ya jiwe kubwa lililoinama kama meza, ni Kaisari mkubwa mwenyewe. Alitoka nusu, mistari yake ya manjano ikiwaka, macho yamefungwa kitambaa cheusi, akatutazama. Tukasikia mlio, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole. Mzee alisema baadaye kwamba ni yeye, ndivyo anavyoonya wageni.

Mashuani mtoto alikaa kimya akitetemeka ndani ya leso yangu. Kisha akamwuliza mzee, "Wa mapete akikua, inachukua muda gani?" Mzee akasema hubadilika akifika sentimita 8 hadi 12, pengine ndani ya mwaka, pengine zaidi. Mtoto akahesabu kwa vidole kuanzia Machi. Akanigeukia, akasema, "Miezi tisa. Anaweza kuwa yule."

Mnaona jinsi mambo yalivyojipanga. Uongo wangu ulikuwa umepewa vazi jipya, nzuri kuliko la kwanza, na mimi sikutakiwa kusema neno lolote. Nilichotakiwa ni kutikisa kichwa. Niliangalia maji, nikasema upepo unaongezeka.

Usiku huo Ukunda, baada ya sala, nilikaa ukingoni mwa kitanda chake. Nikamwambia kwamba yule samaki wa hospitali hakurudishwa baharini. Alikuwa na ugonjwa wa vijidoa, akafa, na nilimwambia vile kwa sababu niliogopa.

"Najua," akasema.

Nikamwuliza anajuaje.

"Niliamka kwenda choo. Nilimwona askari wa usiku akimtoa kwa kile kijiwavu, akamfunga kwenye gazeti."

"Na mbona hukuniambia?"

Alivuta shuka hadi kidevuni, akafikiri. "Ulikuwa unalia sana siku zile, mama. Nilidhani ukijua amekufa utalia tena."

Nilikaa pale hadi alipolala. Chumba cha pili nilisikia dada yangu na mwanawe wakizungumza kwa sauti ya chini, na karatasi ikikunjuliwa.